Kidole cha Mwalimu Mkuu: Ugomvi wa Nyumbani Ndani ya Filamu za Kale za Kupinga Bangi

Mwalimu mkuu amesimama mbele ya wazazi, uso umemkaza. Amewaita awaeleze habari za mmea. Anawasimulia jinsi vijana wa mji wao walivyoanza na msokoto mmoja wa bangi wakaishia kwenye mauaji, kujirusha dirishani na wazimu usio na tiba. Anapofika mwisho anawaambia kwamba msiba unaofuata huenda ukawa wa binti yao, au wa mwana wao. Kisha kidole kinaanza kutembea: au wako, au wako. Mwishowe kinaigeukia kamera yenyewe na kumwelekea mtu aliyeketi gizani na tiketi yake mfukoni: au WAKO.

Ndivyo inavyokwisha Tell Your Children, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1936 iliyoongozwa na Mfaransa Louis Gasnier. Jina hilo maana yake ni "waambieni watoto wenu", lakini dunia inaijua zaidi kwa jina ililopewa baadaye, Reefer Madness. Reefer lilikuwa neno la mitaani la msokoto wa bangi, basi ni kama kusema "wazimu wa msokoto". Siku hizi vipande vyake vinatumwa kwenye simu kama vichekesho.

Nimeitazama mara nyingi, na kila mara kinachonishika ni yule mzazi anayeelekezwa kidole. Filamu hii na wenzake wa enzi zile huitwa filamu za bangi. Ukizikalisha chini ukazisikiliza, utaona ni filamu za nyumba. Kuna mama anayempenda binti mmoja kuliko mwingine. Kuna binamu wanaogombea urithi wa bibi. Kuna dada anayemsomesha mdogo wake kwa pesa asizoweza kusema zimetoka wapi. Magomvi hayo yalikuwepo kabla ya bangi kuingia mlangoni, na bangi iliwekwa juu yake kama kifuniko cha chungu. Nataka tukifunue chungu hicho, tuone nani aliweka kifuniko na alipata nini.

Tuanze na pesa, maana bila pesa mengine hayaeleweki.

Studio kubwa za Hollywood hazikutengeneza filamu hizi, wala zisingeweza. Tangu 1930 zilikuwa na kanuni ya maadili, na kuanzia Julai 1934, chini ya usimamizi wa Joseph Breen, kanuni hiyo ilipata meno: filamu isiyo na kibali haikuingia katika majumba makubwa ya sinema, na mojawapo ya mambo yaliyokatazwa ni kuonyesha biashara ya dawa za kulevya. Katazo hilo likawafungulia riziki watengenezaji wadogo waliokuwa nje ya mfumo. Walipiga filamu kwa haraka na kwa fedha kidogo, kisha wakazibeba mji kwa mji, wakakodi ukumbi kwa siku chache na kubandika mabango ya wasichana waliolegea nguo, yenye maandishi makubwa kwamba watoto hawaruhusiwi.

Polisi na bodi za ukaguzi wangewafungia, na hapo mzazi akawafaa sana. Kila filamu ilifunguliwa kwa maandishi marefu ya onyo: mtakayoyaona ni ya kutisha, ila tunayaonyesha ili wazazi wafumbue macho. Maandishi ya mwanzo ya Reefer Madness yanaiita bangi adui namba moja wa umma. Yanasema inaanza na kicheko kisichozuilika, inaleta njozi, inavunja uwezo wa mtu kujizuia, na mwisho wake ni ukatili na ukichaa wa kudumu. Baada ya hapo ndipo wasichana walipoweza kuonyeshwa wakivua nguo. Hofu ya mama na baba ndiyo iliyokuwa leseni ya biashara, na watu hawa walijua vizuri wanachouza.

Mjuzi wa biashara hiyo alikuwa Dwain Esper, akishirikiana na mkewe Hildegarde Stadie aliyemwandikia hadithi. Hao ndio waliotoa Marihuana, pia ya mwaka 1936, na baadaye Esper huyo huyo akainunua filamu ya mwalimu mkuu, akaichomekea vipande vya kuvutia macho na kuizungusha kwa majina tofauti tofauti.

Kwangu mimi Marihuana ndiyo filamu yenye nyumba iliyo wazi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Burma Roberts ni msichana ambaye mama yake ana macho ya kumwona mtu mmoja tu: dada yake, Elaine. Elaine amepata mchumba wa familia yenye uwezo, na mama amejitia mzima mzima kuhakikisha posa hiyo haiteleziki. Burma anaona. Yeyote aliyewahi kukaa katika nyumba ambayo mtoto mmoja ni kipenzi anaijua ile hali ya kuingia sebuleni, mazungumzo yakaendelea kana kwamba upepo ndio umefungua mlango. Burma anatafuta pa kwenda, na anakwenda na vijana wenzake kwenye karamu katika nyumba ya ufukweni ya watu wasiowajua vizuri.

Huko wanapewa sigara zisizo sigara. Wasichana wanaanza kucheka bila kuchekeshwa, wanavua nguo na kukimbilia baharini, na mmoja wao anazama. Usiku huo huo Burma yuko mchangani na mpenzi wake Dick, na mimba inaingia. Dick anakusudia kumuoa lakini hana kitu, basi anaomba kazi kwa mwenye nyumba ile. Anapewa kazi ya kushusha mzigo wa magendo na polisi wanampiga risasi. Mkubwa wa magendo anamshauri Burma aende mbali ajifungue, amtoe mtoto alelewe na wengine. Burma anatii. Kisha anageuka kuwa muuzaji mwenyewe, mgumu, tena mtumwa wa heroini, na chuki ya zamani bado inamtafuna. Anapanga kumteka mtoto wa Elaine ili adai fedha. Mtoto anapokuwa mikononi mwake ndipo anagundua kwamba Elaine na mumewe hawakumzaa, walimchukua kumlea. Ni mtoto wake yeye. Burma anamalizwa na sindano.

Sasa fanya jaribio ambalo mimi hulifanya kwa kila filamu ya aina hii: toa bangi. Weka mahali pake pombe, au usiweke kitu. Kisa kinabaki kimesimama. Kuna wivu wa ndugu uliopaliliwa na mama, mimba katika mji ambao binti mwenye mimba bila mume ni aibu ya ukoo, na kijana maskini anayeona magendo ndiyo njia ya pekee ya kupata mahari ya heshima. Juu ya yote kuna ukimya. Katika saa yake ngumu kuliko zote Burma hamwendei mama. Anamwendea jambazi, kwa sababu jambazi anamsikiliza. Filamu imeuonyesha ukimya huo kwa uwazi kabisa. Kisha, kwenye maandishi na mabango, inatuambia kosa lilikuwa jani.

Sisi tuna methali kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nimeisikia tangu utotoni, na nadhani ndiyo sababu filamu hizi hazinipiti hivi hivi. Lawama inamwangukia mama, na hakuna anayeuliza mama huyo naye alibanwa na nini hata akaona ndoa ya Elaine ndiyo roho ya nyumba. Marekani ya 1936 ilikuwa katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. Mchumba mwenye mali hakuwa jambo la mapambo.

Filamu ya tatu, Assassin of Youth ya mwaka 1937 iliyoongozwa na Elmer Clifton, ina ugomvi ambao mahakama zetu za mwanzo zinaufahamu kuliko Hollywood: mirathi. Bibi mwenye mali anakufa katika ajali iliyosababishwa na vijana waliovuta bangi. Wosia wake unamwachia mali mjukuu Joan Barry kwa sharti moja, kwamba awe na mwenendo mwema. Akichafuka, mali inakwenda kwa binamu yake, Linda Clayton. Linda anavuta, anauza, na ameolewa kwa siri. Kazi yake yote katika filamu ni kuhakikisha Joan anaonekana mchafu mbele ya watu. Anamkaribisha kwenye karamu, anamtilia kitu, anamwekea watu wa kushuhudia. Mwandishi wa gazeti, Art Brighton, aliyeingia mjini kwa kujificha ili achunguze wauzaji, ndiye anayelifumua jambo.

Silaha ya Linda ni sifa ya Joan, na bangi ni kisu alichokikuta mezani. Katika mji huo mdogo kuna mwanamke mmbeya, Henrietta Frisbie, anayezunguka na kipikipiki akisambaza habari, na mchango wake katika maangamizi ya Joan si mdogo kuliko wa muuza bangi. Wosia wa bibi uliwafungia wajukuu wawili katika chumba kimoja na mfupa mmoja. Sijaona mwandishi yeyote wa mabango ya filamu ile akisema jihadharini na wosia wa namna hii.

Jina la filamu hiyo linatupeleka moja kwa moja kwa serikali. Julai 1937 jarida moja maarufu la Marekani lilichapisha makala yenye maneno hayo hayo, bangi muuaji wa vijana, kwa jina la Harry J. Anslinger. Huyu alikuwa mkuu wa idara ya shirikisho ya dawa za kulevya tangu ilipoundwa 1930, na aliikalia hadi 1962. Anslinger hakuwatuma Esper na wenzake wapige filamu. Hata hivyo walikula sahani moja ya hofu: yeye alikusanya visa vya kutisha na kuvigawa kwa magazeti na vyama vya wanawake na wazazi, nao wakavigeuza picha.

Kisa alichokipenda kilikuwa cha familia. Oktoba 1933, mjini Tampa, Florida, kijana wa miaka 21 aitwaye Victor Licata aliwaua kwa shoka wazazi wake, kaka zake wawili na dada yake. Anslinger alikirudia kisa hicho mara nyingi kama ushahidi wa bangi. Kumbukumbu za madaktari zilionyesha jambo jingine: kijana alikuwa mgonjwa wa akili, na maradhi ya akili yalikuwemo katika ukoo. Ile ilikuwa nyumba iliyoishi na ugonjwa mzito bila msaada uliotosha. Watu watano walikufa, na kilichobaki kwenye masikio ya umma ni sigara.

Huwa nasimama hapo kila mara. Kila familia nyingine ya Marekani iliyokuwa na kijana anayeongea peke yake usiku ingeweza kujifunza kitu kutoka Tampa kama ingeambiwa ukweli. Iliambiwa ichungulie mifuko ya suruali.

Tarehe 2 Agosti 1937 Sheria ya Kodi ya Marihuana ilitiwa saini, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba. Kwa jina ilikuwa kodi tu: dola 1 kwa aunsi kwa aliyejiandikisha, dola 100 kwa asiyejiandikisha. Kwa vitendo ilikuwa marufuku. Mtu mmoja alisimama mbele ya kamati ya Bunge kuipinga, Dakta William Woodward wa Chama cha Madaktari wa Marekani. Mojawapo ya malalamiko yake lilihusu neno lenyewe. Madaktari waliujua mmea huu kwa jina la kanabisi, na ulikuwa katika orodha rasmi ya dawa ya nchi hiyo tangu katikati ya karne ya 19, ambako haukuondolewa hadi 1942. "Marihuana" lilikuwa neno lililotoka kwa Wameksiko, na lilipotamkwa magazetini lilikuja na ubaguzi dhidi ya wahamiaji wa Kimeksiko na wanamuziki weusi wa jazi. Mama wa Kimarekani aliyeogopeshwa marihuana hakujua ni ndugu wa dawa ya maji aliyoinunua bibi yake duka la dawa.

Mswahili anayetazama leo anaweza kulipita hili bila kuliona, kwa sababu sisi jina letu ni la zamani. Bangi ilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi, kutoka neno la Kihindi bhang, na imekaa katika lugha kwa muda mrefu kiasi kwamba kila mtu ana jirani, mjomba au fundi aliyemjua anavuta. Hakuna anayetegemea kwamba fundi huyo ataruka dirishani. Wamarekani wa 1936 walio wengi hawakuwa na fundi wa kumlinganisha. Waliletewa jina jipya na filamu kwa pamoja.

Nirudi sasa kwa mwalimu mkuu, maana filamu yake imejengwa juu ya nyumba mbili zinazotazamana.

Ya kwanza ni ya akina Lane, ambako Mary na mdogo wake Jimmy wanaishi na mama yao. Mary ana rafiki, Bill Harper, kijana safi, na wanasoma Shakespeare pamoja. Ya pili ni fleti ya Mae Coleman na Jack Perry, wawili wanaoishi pamoja wakiuza bangi. Ndani yao wenyewe kuna mvutano ambao watazamaji wengi hawaushiki: Mae angependa kuuzia watu wazima wa rika lake, na Jack ndiye anayewaleta wanafunzi. Fleti ile ni nyumba iliyopinduliwa. Ina wakubwa wawili, vijana wanaoingia na kutoka, muziki, dansi, na mlango ambao hakuna anayeulizwa umetoka wapi.

Jimmy anaendesha gari kumpeleka Jack kuchukua mzigo, anavuta njiani na kumgonga mtu anayetembea kwa miguu. Mtu huyo anakufa baadaye. Jack anaahidi kumficha, mradi Jimmy asahau kwamba aliwahi kufika kwenye fleti. Kwa hiyo sasa kijana ana siri ya kifo kifuani. Anakaa nayo nyumbani kwa mama yake, na mama hajui. Hiyo, kwangu, ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote, na filamu inaipita mbio ili ifike kwenye fujo. Mary anakwenda kumtafuta mdogo wake katika fleti. Anapewa msokoto, Ralph, mmoja wa wavutaji wa fleti ile, anamkaba akitaka kumharibia, Bill anatokea kutoka chumba kingine na kichwa kimejaa njozi, wanapigana, bastola ya Jack inalia na Mary anaanguka. Bill anaaminishwa kwamba yeye ndiye muuaji, anapelekwa mahakamani, anahukumiwa.

Halafu kinakuja kile kipande kinachosambazwa hadi leo. Ralph amejificha ndani na Blanche, mwanamke mwingine wa fleti ile, anavuta, macho yamemtoka, na Blanche anapiga piano. Ralph anamwamuru aongeze kasi. Anaongeza. Anaamriwa tena, haraka zaidi, haraka zaidi, vidole vinakimbia na tabasamu la Ralph linatanuka hadi linaacha kuwa tabasamu. Mwigizaji Dave O'Brien alijitoa kwa moyo wote pale. Muda si mrefu Jack anakuja na Ralph anampiga hadi kufa. Blanche anaeleza ukweli, Bill anaachiwa, kisha Blanche anajirusha dirishani. Ralph anafungiwa hospitali ya wendawazimu maisha yake yote.

Kilichokosekana katika hayo yote ni mazungumzo hata mamoja baina ya mzazi na mtoto yenye swali la kweli. Filamu inaitwa "waambieni watoto wenu", na ndani yake anayesema ni mwalimu mkuu. Wazazi wameketi wakisikiliza. Watoto wanaohusika hawapo ukumbini. Kuwaambia kumegeuka kutoa tangazo.

Miaka kumi na zaidi baadaye ikaja filamu iliyobeba msiba wa mtu halisi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba 1948 polisi waliingia katika nyumba moja huko Los Angeles wakamkamata nyota Robert Mitchum, na pamoja naye mwigizaji chipukizi Lila Leeds. Wote wawili walifungwa. Mitchum alirudi kazini na jina lake likazidi kung'aa. Leeds hakupata mlango mwingine isipokuwa wa filamu ya mwaka 1949 iliyouza kukamatwa kwake. Ilianza na jina la Wild Weed, na baadaye ikaitwa She Shoulda Said No!, yaani angalikataa. Humo anaigiza Anne Lester, yatima anayefanya kazi ili amlipie mdogo wake ada ya chuo. Anaingia katika bangi, kisha katika kuuza. Mdogo wake anagundua na kujinyonga.

Nani asiyemjua Anne kwetu? Dada mkubwa aliyeacha yake ili wadogo wasome, ambaye hakuna anayemuuliza anapataje, mradi ada imelipwa. Aibu ya mdogo mtu alipojua ni aibu ya kula jasho ambalo hukulipima. Filamu ilikuwa nayo mkononi, ikaiachia ianguke, ikakimbilia kuwaonyesha watazamaji jinsi msichana mrembo anavyoharibika. Na jina lile lilitoa hukumu kabla ya kesi: angalikataa. Kati ya wote waliokuwa katika nyumba ile ya Los Angeles, aliyepewa kazi ya kujianika kwa pesa alikuwa yeye.

Miaka ya 1950 filamu zikahama kutoka kumbi za mitaani hadi darasani. Mwaka 1944 kamati iliyoombwa na meya wa New York, Fiorello La Guardia, ilikuwa imetoa ripoti kwamba bangi haikuwa inaleta uhalifu na wazimu uliodaiwa. Anslinger aliishambulia, lakini hadithi ya shoka ilianza kuchoka. Ikaletwa nyingine: bangi ni ngazi ya heroini. Ni yeye Anslinger aliyeulizwa bungeni mwaka 1937 kama mvuta bangi huishia kwenye heroini, akajibu kwamba hajasikia kisa cha namna hiyo. Kufikia miaka ya 1950 alikuwa akisema kinyume. Filamu za shule zikafuata. Katika Drug Addiction ya mwaka 1951 kuna vijana waliovuta, wanacheka huku wakinywa soda kwenye chupa iliyovunjika shingo, damu mdomoni. Mtu akiiona akiwa na miaka kumi na mitatu haisahau.

Ila kijana yule aliyeitazama darasani alikua, akakutana na bangi yenyewe kwenye karamu ya chuo, na hakuna aliyejikata mdomo. Kitu cha kwanza alichojifunza ni kwamba waliomfundisha walimdanganya. Cha pili, alichokihitimisha mwenyewe kwa hatari kubwa, ni kwamba huenda walidanganya pia kuhusu heroini. Mwaka 1972 Keith Stroup, mwanzilishi wa shirika la kutetea sheria za bangi zibadilike, aliikuta Tell Your Children katika maktaba ya Bunge la Marekani. Alinunua nakala kwa dola 297 na kuanza kuionyesha vyuoni kuchangisha fedha. Kumbi zilijaa. Vijana walicheka hadi machozi.

Siwalaumu kwa kucheka, lakini kicheko kile kina upande unaouma. Waliokuwa wakichekwa ni pamoja na baba na mama wa miaka ya 1930 walioketi gizani wakaelekezwa kidole na kuamini. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Waliuziwa bidhaa bandia kwa sababu ya hofu hiyo, na watoto na wajukuu wao walipogundua ni bandia, waliacha kuwaamini hata katika yale waliyoyajua.

Na yapo ya kujua. Bangi ina madhara, ila hayafanani na ya Ralph. Kuvuta mara kwa mara katika umri mdogo, hasa bangi kali, kunadhoofisha kumbukumbu na umakini, kunaongeza hatari ya ugonjwa wa akili kwa baadhi ya watu, na wapo wanaotaka kuacha wakashindwa. Madhara haya yanakuja polepole. Mtaani kwetu Tanga alikuwepo mama aliyekuwa akinusa kola za mashati ya mwanawe kabla ya kuyaloweka. Alisikia harufu, akamuuliza, kijana akakana, na mama akajituliza kwamba angekuwa anavuta angekuwa amechanganyikiwa. Alisubiri kichaa. Wakati anasubiri, daftari zilibaki tupu, kijana akawa anaamka saa saba mchana, marafiki wa mpira wakaacha kumpitia, na chenji ya dagaa ikawa inapungua kidogo kidogo. Yote hayo aliyaona kwa macho yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ndiyo hayo. Na kijana, aliyekuwa amefiwa na baba mwaka mmoja nyuma, hakuna aliyekuwa amemuuliza habari ya baba.

Mwaka 1987, miaka hamsini baada ya ile sheria ya kodi, televisheni za Marekani zilianza kurusha tangazo fupi la kupinga dawa za kulevya. Lilitengenezwa kwa nia moja na zile filamu, lakini lina kitu ambacho filamu zote nilizozitaja hazina: mtoto anajibu. Baba anaingia chumbani kwa mwanawe ameshika kisanduku. Anauliza kama ni chake. Mama amekikuta kabatini. Kijana anababaika, labda ni cha wenzake. Baba anapandisha sauti, anataka kujua nani aliyemfundisha mambo haya. Kijana anamgeukia na kupasuka: ni wewe, nimejifunza kwa kukuangalia wewe.

Sauti ya mtangazaji inaingia kusema kwamba wazazi wanaotumia dawa za kulevya wana watoto wanaotumia dawa za kulevya. Baba hana la kusema. Kisanduku bado anacho mkononi.